Chokaa ya mfuko kwenye kuta za matumbawe: inafaa wapi, inashindwa wapi

Ingia duka lolote la hadiwea mjini Mombasa, ueleze kwamba plasta ya chumba cha chini imevimba, inatoa unga mweupe na kumwagika kila ukifagia. Utauziwa mfuko wa saruji na kopo la rangi ya kuzuia maji. Masika yajayo utarudi na maelezo yaleyale. Bidhaa inayotathminiwa hapa mara nyingi imo dukani humohumo, pembeni, imeshika vumbi: chokaa ya unga iliyozimwa, mfuko wa kilo 25. Mafundi wengi huijua kwa kazi moja tu, ya niru, ule mpako laini unaopitishwa juu ya plasta ya saruji. Kwa nyumba ya zamani ya mawe, kazi yake kubwa ni plasta yenyewe.

Kabla hujanunua, hakikisha nyumba yako ni ya aina inayoihitaji. Pima unene wa ukuta pale mlangoni au dirishani. Ukikuta sentimita 45 na zaidi, kisha ukichokoa kwa ufunguo katikati ya mawe kunatoka kitu cheupe au cha rangi ya krimu kinachomumunyuka, chenye vijipande vya makombe na chembe za mkaa, huo ni ukuta wa matumbawe uliojengwa kwa chokaa. Ule mkaa ni masalio ya tanuri lililochoma chokaa hiyo. Tazama na juu: kama dari inabebwa na boriti za mikoko na chumba hakizidi mita tatu hivi kwa upana, huna haja ya ushahidi mwingine, maana urefu wa boriti ndio uliokuwa ukiamua upana wa chumba. Nyumba za namna hii zimejaa Kibokoni, Kuze na Ndia Kuu, mitaa ya Mji wa Kale. Lakini kama ukuta una sentimita 15 hadi 20 na katikati ya mawe kuna ugumu wa kijivu usiokwaruzika, kama nyumba nyingi za Tudor au Ganjoni, hiyo ni nyumba ya saruji tangu msingi. Ipige plasta ya saruji, pesa ya chokaa ifanyie jambo jingine.

Tumbawe lina vinyweleo, na ukuta wa zamani hauna kizuizi cha unyevu chini. Maji hupanda kutoka ardhini yakiwa na chumvi, na katika mji uliozungukwa na bahari chumvi hiyo si kidogo. Ukuta ukiwa na plasta ya chokaa, maji hufika usoni na kukauka, na chumvi hubaki juu ikafagiliwa. Ukishaufunika kwa saruji, maji hukosa mlango. Yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, ndiyo maana unyevu uliokuwa magotini unafika kiunoni baada ya ukarabati uliogharimu pesa nzuri. Chumvi nayo huganda nyuma ya plasta, huvimba na kuisukuma. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe, kwa hiyo ikibanduka haitoki peke yake, huondoka na uso wa jiwe. Kila ukarabati wa saruji unakuachia ukuta mwembamba kidogo kuliko ulioukuta.

Sasa mfuko wenyewe. Neno «chokaa» dukani hubeba vitu vitatu tofauti, na hapa ndipo watu wanapopotezea pesa. Kuna chokaa ya kilimo, ambayo ni jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa. Ni nzuri kwa shamba lenye tindikali, lakini ukutani haishiki milele, hata uiloweke mwaka mzima. Kuna chokaa hai, yaani jiwe lililochomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi na halijaonja maji. Hiyo huja kwa mabonge na inachemka ikikutana na maji. Na kuna chokaa iliyozimwa, ile ya unga mweupe mwepesi, ambayo kiwandani imeshapewa maji ya kuizima na ikabaki kavu. Unayoitaka ni hii ya tatu. Soma mfuko, usisikilize mdomo wa muuzaji peke yake, na utafute alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Kuna kipimo cha jikoni kisichodanganya sana. Chukua kijiko cha unga, weka kwenye kisosi, kamulia ndimu au mimina siki. Ukitoa povu jingi la kuchemka, ni jiwe lisilochomwa, au ni chokaa iliyozimwa iliyokaa dukani hadi ikavuta hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe. Chokaa nzuri hutoa povu kidogo sana au haitoi kabisa. Katika unyevu wa Mombasa kipimo hiki kina maana kuliko tarehe iliyoandikwa, kwa sababu mfuko uliotoboka nyuma ya duka hufa polepole huku tarehe yake ikiwa bado changa. Kataa mfuko wenye mabonge magumu, na kataa ule uliowekwa sakafuni bila ubao chini yake.

Kuhusu bei, usilinganishe mfuko kwa mfuko wala kilo kwa kilo. Linganisha kwa ujazo, kwa kuwa mchanganyiko hupimwa kwa ndoo. Saruji ya kilo 50 ni lita 35 hivi. Chokaa ya kilo 25 ni lita 45 na zaidi ikiwa kavu, na ikilowekwa vizuri inatoa kiasi cha lita 40 za chokaa laini kama siagi. Kwa hesabu hiyo mfuko unaoonekana ghali dukani huwa haupishani sana na saruji ukutani. Gharama yake halisi iko kwenye vitu vitatu ambavyo muuzaji hatakutajia: mchanga safi, maji matamu na siku za kusubiri.

Mfano wa hesabu: ukuta wa mita 3 kwa mita 3.5 ni mita za mraba kumi na nusu. Plasta ya milimita 20 pamoja na mpako wa mwisho wa milimita 2 au 3 inahitaji lita 240 hivi. Ukuta wa matumbawe haujanyooka, ongeza thuluthi moja kwa ajili ya mashimo na upotevu, upate lita 300 na kidogo. Mchanga utakuwa mitungi 15 au 16 ya lita 20, kwani chokaa huingia kwenye nafasi za katikati ya chembe na haiongezi ujazo sana. Chokaa laini ni thuluthi ya mchanga, lita 100, yaani mifuko miwili na nusu. Nunua mitatu, kinachobaki kitapaka ukuta mzima rangi nyeupe.

Mchanga wa ufukweni usiuguse, hata ukiwa bure na hata ukiambiwa umeoshwa na mvua. Utakuwa umebeba kwa mkono wako chumvi ileile unayoikimbia. Chukua mchanga wa mto, wenye chembe kubwa na ndogo zilizochanganyika, unaokwaruza ukisuguliwa kiganjani. Jaza nusu ya chupa ya plastiki ya lita moja, ongeza maji, tikisa, acha saa moja. Tope litakalokaa juu ya mchanga lisizidi milimita 8 kwa kila sentimita 10 za mchanga. Likizidi, osha au rudisha. Tope jingi ndilo linaloleta nyufa ambazo baadaye chokaa hulaumiwa nazo.

Maji nayo yaonje. Visima vingi kisiwani ni vya maji ya chumvichumvi, na kwa kuwa mfereji hukatika, mafundi hukimbilia kisima bila kuuliza. Nunua mitungi ya maji matamu ya mkokoteni kama hapana budi. Mfuko mmoja wa chokaa unataka lita 25 hadi 30 za kulowekea, si mzigo wa kukufilisi.

Kuloweka ndiko kunakoigeuza bidhaa ya kawaida kuwa bidhaa nzuri, na mwenye nyumba anaweza kukufanya mwenyewe bila fundi. Tafuta pipa la plastiki lenye kifuniko. Tia maji kwanza, kisha mimina unga kidogo kidogo huku ukikoroga. Ukianza na unga vumbi litakuingia machoni. Acha maji yasimame juu kwa sentimita 5, funika. Saa 24 ndicho kiwango cha chini kabisa. Wiki mbili zinaleta tofauti unayoiona kwenye mwiko, maana chokaa inanata na haikimbii mchanga. Iliyofunikwa chini ya maji haiharibiki, inazidi kuwa nzuri. Kwa hiyo nunua chokaa siku unayoanza kubomoa plasta ya zamani, si siku fundi anapokuja.

Vaa glavu za mpira na miwani ya kazi. Chokaa huunguza ngozi taratibu, huisikii hadi jioni, na ikiingia jichoni oshea maji mengi papo hapo kisha nenda hospitali. Wapo mafundi wanaojipaka mafuta ya nazi mikononi wakaona yanatosha. Hayatoshi.

Kubomoa: gonga ukuta kwa mpini wa nyundo, sikiliza. Panapolia tupu kama kibuyu, plasta imeshaachana na jiwe. Tumia patasi na nyundo ya kilo moja, ukipiga kwa ubavu na si moja kwa moja. Mashine ya kubomolea iache mlangoni, tumbawe halina ubavu wa kuihimili. Ondoa saruji hadi nusu mita juu ya pale alama ya unyevu inapokomea. Chokoa viungo kwa kina cha sentimita 2, toa kila kinachomumunyuka.

Kisha subiri, na hapa ndipo subira huwaishia wengi. Ukuta wa nusu mita uliofungwa kwa saruji miaka mingi haukauki kwa wiki moja. Chumvi itaanza kuchanua usoni kama ukungu mweupe. Ifagie kwa brashi kavu, ikusanye kwenye karatasi, itoe nje ya nyumba. Usiioshe. Maji huiyeyusha ikarudi ndani ya jiwe, na kesho unaanza upya. Endelea kufagia kila siku chache hadi inayotoka iwe haba. Kwa ukuta ulioathirika sana, piga plasta dhaifu ya chokaa moja kwa mchanga nne, iache miezi michache inywe chumvi, halafu ibomoe na uitupe. Ni plasta ya kafara. Inauma kuitupa, lakini mifuko miwili ya chokaa ni nafuu kuliko kurudia chumba kizima.

Katika kipindi hichohicho tafuta maji yanatoka wapi, maana plasta haizibi bomba. Tazama gata lililoziba, choo cha ghorofa ya juu kinachovuja kwenye boriti, na njia ya nje iliyoinuliwa kwa lami au zege hadi ikapita kimo cha sakafu ya ndani. Hilo la mwisho ni la kawaida sana Mji wa Kale na hakuna mfuko wa kitu chochote utakaolitibu. Kama huna hakika iwapo unyevu watoka ukutani au ni hewa ya chumba, bandika kipande cha plastiki ukutani kwa gundi ya karatasi kingo zote, kiache siku mbili. Matone yakikaa upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya jiwe. Yakikaa upande wa chumba, fungua madirisha kwanza kabla hujafungua pochi.

Upande wa nje una jambo lake. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na uso wa nyumba, milango na roshani haviguswi kiholela. Pitia ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa na upate kibali cha kaunti kabla ya kusimamisha majukwaa. Huko chokaa haitakuletea ubishi; saruji ndiyo inayoweza kukuletea.

Uwiano wa plasta ni chokaa laini moja kwa mchanga tatu, kwa ndoo iliyosawazishwa juu, si kwa koleo. Koleo la mchanga mkavu na la mchanga wenye maji si sawa, na fundi akichoka hupungua. Changanya bila kuongeza maji mwanzoni. Itaonekana kavu mno, na hapo ndipo watu hukosea wakamimina maji. Endelea kuponda na kugeuza dakika 20, maji yaliyomo ndani ya chokaa yatajitokeza yenyewe. Mchanganyiko ulio tayari hukaa juu ya mwiko uliopinduliwa bila kuanguka. Ukisalia, ufunike kwa plastiki na utumie kesho, hata keshokutwa. Saruji haikupi uhuru huo, na kwa anayefanya mwenyewe jioni baada ya kazi, hii ni sifa kubwa ya bidhaa kuliko inavyosemwa.

Mashimo makubwa usiyajaze kwa chokaa tupu. Panga vipande vya matumbawe ndani yake, vikazane, chokaa iwe ya kuvishikisha tu. Shimo la sentimita 5 lililojazwa mara moja litapasuka, hiyo haina mjadala. Nyunyizia ukuta maji jana yake, na tena saa moja kabla. Uwe na unyevu bila kung'aa kwa maji. Tabaka la kwanza lirushwe kwa mwiko kwa nguvu, lisikandamizwe, ili liingie kwenye viungo. Milimita 10 yatosha. Likianza kukaza, lichore mistari ya kukatana kwa kijiti ili tabaka la pili lipate pa kushika. Ngoja wiki moja au zaidi. Ukucha wa kidole gumba usitumbukie. Ukikwaruza tu, endelea.

Tabaka la pili ni milimita 10 nyingine, likinyooshwa kwa ubao mrefu. Usilazimishe ukuta wa matumbawe uwe kioo. Ukiufuata mwendo wake utatumia nusu ya mchanga, na nyumba itabaki na sura yake. Saa chache baadaye, au kesho yake, likiwa gumu kama ngozi, lisugue kwa ubao bapa kwa mizunguko ukinyunyiza maji kidogo. Nyufa ndogo za nywele hufungwa hapo. Mpako wa mwisho ni chokaa moja kwa mchanga laini moja, uliochekechwa kwa wavu wa mbu, unene wa milimita 2 au 3.

Chokaa haikauki ikawa ngumu. Huwa ngumu kwa kuvuta hewa ukaa, na kazi hiyo inataka unyevu kiasi. Ikikauka kwa jua kabla ya wakati wake inabaki unga. Kwa hiyo siku saba za kwanza tundika magunia yaliyolowa mbele ya ukuta bila kuugusa, nyunyiza asubuhi na jioni, funga dirisha la upande wa upepo. Majira mazuri ni kuanzia Julai hadi Septemba, kusi likivuma na jua si kali. Kaskazi la Januari na Februari hukausha plasta ya nje mbele ya macho yako, na Mei mvua huiosha. Ugumu huingia kama milimita moja kwa mwezi, hivyo usipigilie misumari ya picha wiki ya pili ukasema bidhaa ni mbovu.

Malalamiko mengi yanayosikika juu ya chokaa ya mfuko yana chanzo kinachojulikana. Ukuta ukiacha unga mkononi, ama chokaa ilikuwa imekufa dukani, ama ukuta haukuloweshwa, ama magunia hayakutundikwa. Plasta ikibanduka kama karatasi, vumbi halikufagiwa. Nyufa pana za utando wa buibui ni chokaa kuzidi, au mchanga kuwa laini mno. Vishimo vidogo vinavyofyatuka miezi baadaye, kila kimoja na doa jeupe katikati, ni chembe zilizobaki hai na kuzimikia ukutani. Hizo huzuiwa kwa kuchekecha na kuloweka kwa muda mrefu, na huonekana zaidi kwenye chokaa ya mabonge iliyozimwa kwa haraka. Rekebisha kwa kuchokoa na kujaza, haienei.

Kikwazo kikubwa, kusema kweli, ni fundi. Anayelipwa kwa kandarasi ana kila sababu ya kumaliza leo, na atasema «tutie saruji kidogo ishike». Atatia ukienda kuswali. Kidogo hicho hakileti ugumu wa maana, ila kinaziba vinyweleo. Mpe malipo kwa tabaka, si kwa chumba, na umwite siku za kupiga tu. Kubomoa, kufagia chumvi, kuloweka, kunyunyiza na kupaka rangi ni kazi zako, na ndizo zinazokula siku. Ikiwa ukuta wa nje unapigwa na mvua na unataka ushike haraka, badala ya saruji tumia unga wa vigae vyekundu vya Mangalore vilivyovunjika, ambavyo vimerundikana kwenye mapaa na nyua nyingi za mjini. Visage hadi unga, chekecha, tumia nusu ndoo kwa kila ndoo ya chokaa, na mchanga upunguze uwe mbili na nusu. Udongo uliochomwa huifanya chokaa ikaze hata penye maji, na hewa bado inapita.

Ikilinganishwa na chokaa ya shimo, ile ya mabonge iliyozimwa na kukaa miezi mitatu au zaidi, ya mfuko inashindwa kwa kunata na kwa uimara wa nje. Kwa ukuta unaotazama bahari, chokaa ya shimo ndiyo chaguo ukiipata na ukiwa na mahali pa kuizimia mbali na watoto. Daima mabonge yaingie kwenye maji, maji yasimwagiwe juu ya mabonge, kwani hulipuka na kurusha. Kwa ndani, tofauti haitoshi kukusumbua. Chokaa ya mfuko iliyolowekwa wiki mbili inatosha.

Zile pakiti za unga mweupe wa kusawazishia kuta ni kitu kingine kabisa. Zenye asili ya jasi hulainika penye unyevu, zenye saruji nyeupe huziba. Kwenye ukuta wa ghorofani uliokauka zinapendeza, chini zisifike. Rangi za kuzuia maji juu ya plasta ya chokaa ni kufuta kazi yote kwa brashi moja, na rangi za plastiki za kawaida zinafuata nyuma kidogo.

Badala yake paka chokaa ileile iliyobaki pipani, ikiwa imezimuliwa hadi iwe kama maziwa na kuchujwa. Lowesha ukuta, paka nyembamba mara nne au tano, siku moja kati ya kila mkono. Mkono wa kwanza hauonekani, na mtu asiyejua ataongeza uzito hadi ipasuke na kubanduka. Weupe huja ikikauka. Rangi ya oksaidi inachanganyika vizuri mradi isizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa chokaa. Kuna mazoea ya kutia chumvi ya mezani ili ishike. Kwenye ukuta uliotoka kufagiwa chumvi kwa miezi miwili, mtu afikirie mara mbili.

Boriti zinapoingia ukutani, acha uwazi wa kidole kuzunguka kichwa cha mti, au ziba kwa chokaa dhaifu. Zilizofungwa kwa saruji huoza pale ambapo huoni, na mchwa huwa wa kwanza kujua. Bafuni, karibu na mfereji unaorusha maji kila siku, chokaa ya mfuko haifai kabisa. Hapo weka vigae juu ya ukuta mwembamba wa kusimama peke yake, ulioachana na tumbawe kwa sentimita 3 na wenye matundu ya hewa juu na chini. Viambaza vya udongo na fito vya mtaa wa Majengo navyo huikubali chokaa, ila tabaka la kwanza liwe la udongo na mchanga, chokaa ije juu yake ikiwa nyembamba.

Kitakachobaki pipani, mwagia maji juu, funika, na uandike tarehe kwenye kifuniko. Nyufa za mwaka wa kwanza zitakihitaji.